Mtu Mzima Naye Ale Mboga



Mara nyingi ukurasa huu huandika juu ya afya ya watoto wadogo na ya mama waja wazito. Leo naomba tuzungumze juu ya mtu mwingine. Ni mtu mzima ambaye haumwi. Analima, anabeba mizigo, anakwenda ngomani, na ukimwuliza hali yake anasema, "Mimi ni mzima." Mtu huyu ndiye ninayetaka kubishana naye leo.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Umri wangu haujafika miaka 30, na elimu yangu ya uganga ni ya cheti. Kwa hiyo nikibishana na wakubwa wangu hubishana kwa adabu. Lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu, nami siwezi kulinyamazia.

KISA CHA ZAHANATI

Siku moja ya kliniki nilikuwa nawafundisha akina mama juu ya mboga za majani. Baba mmoja wa makamo alikuwa amemsindikiza mkewe, mwenye mimba ya miezi saba. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akakaa akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema mbele ya watu wote:

"Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini matembele ni chakula cha wanawake na watoto. Mwanamume anataka nyama au samaki, na akikosa, maharage. Mimi majani siyataki, na mama watoto anajua, hayapiki. Tazama mikono yangu. Je, mimi ni mgonjwa?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana sikuwa na jibu. Mikono yake ilikuwa na nguvu kweli.

Nilipoingia chumbani kumpima mkewe, mama yule alisema kwa sauti ya chini: "Daktari, jua likizama sioni vizuri. Juzi nilijikwaa kwenye kinu nikaanguka. Nyumbani nimenyamaza, wasije wakasema nimekuwa mvivu."

Nilimwita mumewe. Alishtuka sana. Akasema, "Lakini sisi tunakula chungu kimoja. Mbona mimi naona?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zuri. Mimi sikuweza kulijibu vizuri siku ile. Nilianza kupata jibu niliposoma habari za nchi ya mbali, Korea ya Kusini. Huko wataalamu hawapimi wagonjwa peke yao. Huwapima pia watu wazima wenye afya, wajue wamekula nini na miili yao ina akiba gani. Tuone wanafanyaje, kisha turudi kwa baba yule.

VITAMINI A INAFANYA KAZI GANI?

Vitamini A ni kitu kidogo sana kilicho ndani ya chakula. Mwili hauwezi kukitengeneza kutoka hewani au majini. Lazima ukipate katika chakula.

Kazi yake ni nyingi. Inayasaidia macho kuona penye mwanga hafifu. Inalinda ngozi ya jicho isikauke. Inalinda utando wa ndani ya pua, mapafu na matumbo, ambao ni kama boma la kuzuia vijidudu. Inausaidia mwili kupigana na magonjwa kama surua na kuhara. Mtoto aliyepungukiwa vitamini A anaweza kupofuka. Anaweza pia kufa kwa ugonjwa ambao mtoto mwingine angepona. Shirika la Afya Duniani limepata kukadiria kuwa watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka duniani kwa upungufu huu, na kwamba nusu yao hufa katika miezi 12 baada ya kupofuka.

Je, mtu mzima anahitaji kiasi gani? Wakorea wamejiwekea kipimo chao. Kijana wa kiume wa miaka 19 hadi 29 anatakiwa apate maikrogramu 800 kwa siku. Mwanamke wa umri huo anatakiwa apate maikrogramu 650. Mwanamke anayenyonyesha anatakiwa apate zaidi.

Maikrogramu ni nini? Chukua gramu moja ya chumvi uigawe mafungu milioni moja yaliyo sawa. Fungu moja ni maikrogramu moja. Sasa tupige hesabu. Maikrogramu 800 kwa siku, mara siku 365, ni maikrogramu 292,000. Hizo hazifiki hata theluthi moja ya gramu, nazo ni za mwaka mzima! Kwa miaka 50 ni chini ya gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Kitu kidogo namna hiyo ndicho kinachomtenga mtu na giza.

CHAKULA CHA WAKOREA

Korea iliharibiwa sana na vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Baada ya vita watu wake walikuwa maskini, na chakula kilikuwa haba. Mwaka 1969 serikali ya Korea ya Kusini ilianza kuchunguza chakula cha wananchi wake. Mwaka 1998 uchunguzi huo uliunganishwa na upimaji wa afya, na tangu mwaka 2007 unafanywa kila mwaka. Watumishi huchagua kaya katika miji na vijiji. Huwauliza watu, "Jana ulikula nini, asubuhi mpaka usiku?" Huwapima uzito na urefu, na huchukua damu.

Leo nchi hiyo ni tajiri. Ina viwanda vya magari na vya meli. Lakini chakula chao cha kienyeji hawakukitupa. Mlo wa Kikorea una wali, mchuzi, na vibakuli vidogo vidogo vya mboga. Mboga yao kubwa ni kimchi. Hii ni kabichi ya Kichina au figili iliyotiwa chumvi, pilipili nyekundu ya unga na vitunguu saumu, ikaachwa ichachuke. Kabla ya majira ya baridi, jamaa na majirani hukusanyika na kutengeneza kimchi nyingi kwa pamoja. Ni kazi ya ujima, kama sisi tunavyosaidiana kuvuna. Mwaka 2013 desturi hiyo ya Korea ya Kusini iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Wana pia mboga wanazoziita namul. Huchukua mchicha wa kizungu au majani ya porini, wakayatumbukiza katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, wakayakamua, kisha wakayachanganya na vitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Majani ya figili huyatundika chini ya upenu wa nyumba yakauke, ili wayapike katika mchuzi wakati wa baridi. Hula pia mwani wa baharini. Na wanapochoma nyama, mara nyingi hufunga kipande cha nyama ndani ya jani bichi, wakala vyote kwa pamoja.

Ndugu msomaji, nakuomba ulikumbuke jambo hilo la mwisho. Mwanamume wa Kikorea anapenda nyama kama baba yule wa zahanati. Lakini nyama haimfanyi alidharau jani. Anavila vyote viwili katika tonge moja.

KIBABA KILIPOBADILISHWA

Vitamini A hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vyakula vya wanyama: maini, mayai, maziwa na samaki. Humo imo vitamini A iliyo tayari. Njia ya pili ni mimea. Katika majani ya kijani kibichi na katika matunda na mizizi ya rangi ya njano au chungwa, kuna rangi inayoitwa karotini. Mwili huigeuza karotini hiyo kuwa vitamini A.

Wakorea hupata sehemu kubwa ya vitamini A yao kwa njia ya pili, yaani mimea. Wanaipata katika karoti, mchicha wa kizungu, pilipili nyekundu, viazi vitamu, mwani na mboga nyingine. Sisi wa vijijini tuko vivyo hivyo. Ni nani kati yetu anayekula maini kila wiki? Kwa hiyo habari yao inatuhusu kuliko habari za watu wanaokunywa maziwa na kula nyama kila siku.

Zamani wataalamu walihesabu kuwa mafungu 6 ya karotini iliyo katika chakula hutoa fungu 1 la vitamini A. Baadaye uchunguzi ulionyesha kuwa mwili haupati kiasi hicho. Wakaanza kuhesabu mafungu 12 ya karotini kwa fungu 1 la vitamini A. Korea ilianza kutumia hesabu hii mpya katika vipimo vyake vya mwaka 2015.

Tuone mfano. Mtu amekula mboga zenye maikrogramu 4,800 za karotini. Kwa hesabu ya zamani, 4,800 gawa kwa 6 ni 800. Ametosheka. Kwa hesabu mpya, 4,800 gawa kwa 12 ni 400. Amepata nusu tu. Mboga ni zile zile na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni kibaba cha kupimia.

Basi, kibaba kilipobadilishwa, ilionekana kuwa watu wazima wengi wa Korea hawafikii kiasi kinachotakiwa kwa siku. Hao ni watu wenye afya, katika nchi tajiri, wenye mboga mezani. Tena vijana wa siku hizi hula kimchi kidogo kuliko wazee wao.

DAMU NZURI, SAHANI PUNGUFU

Sasa sikiliza ajabu yake. Damu ya watu wazima wa Korea inapopimwa, wenye upungufu wa vitamini A ni wachache sana. Sahani inasema, "Hajala ya kutosha." Damu inasema, "Sijambo." Je, nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Jibu liko katika ini.

Ini ni ghala. Sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili huwekwa humo. Ukila kwa wingi leo, ini huweka akiba. Ukikosa kesho, ini hutoa akiba hiyo na kuipeleka katika damu. Kwa sababu hiyo damu huonekana nzuri muda mrefu, hata kama ghala linapungua. Damu huanza kushuka ghala likiwa karibu tupu.

Jambo hili lilijaribiwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1942, katika mji wa Sheffield, watu wenye afya walijitolea kula chakula kisicho na vitamini A. Waliokula chakula hicho walikuwa 16. Walikaa hivyo miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka mmoja. Ni 3 tu walioonyesha upungufu ulio wazi. Waliobaki walikuwa wakila akiba ya maini yao.

Sasa naweza kumjibu baba yule. Mzee wangu, wewe unaona kwa sababu ghala lako bado lina kitu. Hubebi mimba, hunyonyeshi, na mwili wako hauko katika kukua. Matumizi yako ni madogo. Mkeo anatumia kwa ajili ya watu wawili. Alipojifungua mtoto wa kwanza alitoa akiba yake katika maziwa. Akajifungua wa pili, akatoa tena. Sasa ana mimba ya tatu, na hapakuwa na mboga ya kujaza pale palipotolewa. Chungu chenu ni kimoja, lakini maghala yenu ni mawili.

MAONI YANGU

Haya ndiyo maoni yangu, nami nayasema bila kuficha.

Neno "mimi ni mzima" si kipimo cha chakula cha nyumba. Mtu mzima ndiye wa mwisho kuonyesha dalili. Akiwa yeye ndiye anayeamua kipikwe nini, basi nyumba nzima inaongozwa na yule asiyeona hatari mapema. Baba akikataa majani, majani hayapikwi. Yasipopikwa, mjamzito hayali, na mtoto hajifunzi kuyapenda. Mtoto huangalia mkono wa baba yake. Akiona baba anasukuma bakuli la mchicha pembeni, naye atalisukuma.

Kwa hiyo mimi namwomba mtu mzima ale mboga, hata kama macho yake ni mazuri. Ale kwa faida yake, maana ghala lisilojazwa huisha. Ale pia kwa faida ya chungu, ili mboga ipikwe kila siku na kila mtu wa nyumba aipate.

Tena nasema tuache kudharau majani kwa kuyaita chakula cha maskini. Wakorea walikula majani ya porini walipokuwa maskini, na wanayala hata sasa wakiwa na fedha. Sisi tuna mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu na mchunga. Mengine huota yenyewe mvua ikinyesha. Lakini kijana akipata fedha kidogo, kwanza hununua soda na mkate mweupe. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipoanza kazi. Nilikuwa nawafundisha wengine juu ya mchicha, na jioni nanunua soda. Nilijirekebisha kwa aibu.

WENYE MAWAZO MENGINE

Najua wako watakaonipinga. Nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema, "Vidonge vya vitamini A vipo. Tugawiwe sote." Ndugu yangu, vidonge vya matone vinavyotolewa kila baada ya miezi sita ni vya watoto wa miezi 6 hadi miezi 59. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa cha rangi ya buluu. Aliyetimiza mwaka mmoja hupewa chekundu. Mpeleke mwanao kila zoezi likitangazwa, usikose. Lakini mjamzito asimeze dozi hiyo kubwa hata siku moja, maana vitamini A nyingi mno inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mwenye upofu wa usiku hutibiwa kwa dozi ndogo ndogo chini ya uangalizi wa mganga. Mama yule wa kisa chetu nilimwandikia barua aende kituo cha afya, akatibiwa huko.

Wa pili atasema, "Basi tule maini, mambo yaishe." Maini ni chakula kizuri, ukipata mara moja moja. Lakini Wakorea wameweka kipimo cha juu kwa mtu mzima: vitamini A iliyo tayari isizidi maikrogramu 3,000 kwa siku. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa hupita kipimo hicho. Kuyala siku moja hakumdhuru mtu mwenye afya. Kuyala kila siku ni hatari, na mjamzito asiyafanye chakula chake cha kawaida. Mboga za majani hazina hatari hiyo. Mwili huigeuza karotini kwa kadiri unavyohitaji. Ukila karoti nyingi sana, viganja vyako vinaweza kugeuka njano kidogo, kisha vikarudi.

Wa tatu atasema, "Mafuta ya kupikia siku hizi yametiwa vitamini A." Ni kweli, Tanzania iliweka kanuni hizo mwaka 2011. Lakini si mafuta yote yanayofika gengeni yametiwa. Na yaliyotiwa, yakiwekwa juani katika chupa inayopitisha mwanga, vitamini huharibika. Nunua yenye alama ya virutubishi ukiweza, uyaweke penye kivuli. Hata hivyo usiache mboga.

Wa nne atasema, "Sisi si Wakorea." Ni kweli. Sisi hatuna majira ya baridi ya theluji, ambapo shamba halitoi jani hata moja. Wao walilazimika kuhifadhi mboga ili waishi. Sisi ardhi yetu hutoa mboga miezi mingi. Basi sababu yetu ya kukosa ni ndogo kuliko yao.

TUFANYE NINI?

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi.

1. Kila siku, kila nyumba ipike mboga ya kijani kibichi, na kila mtu mzima ale mbele ya watoto. Jani la kijani kilichokoza lina karotini nyingi kuliko jani jeupe. Kabichi nyeupe haitoshi peke yake.

2. Pika mboga kwa mafuta kidogo, au utie karanga, nazi au ufuta uliotwangwa. Karotini haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mkorea hutia mafuta ya ufuta. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wanalima ufuta mwingi na kuuza nchi za nje. Wabakize debe moja la nyumbani.

3. Usiichemshe mboga mpaka ikageuka rangi ya udongo. Iive, lakini ibaki ya kijani.

4. Ukikausha mboga kwa ajili ya kiangazi, kausha kivulini penye upepo. Jua kali huua karotini. Mboga iliyokaushwa vizuri hubaki na rangi ya kijani. Ikigeuka nyeupe au kahawia, sehemu kubwa ya faida yake imekwenda.

5. Panda viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo wengi huviita viazi lishe. Kiazi kimoja cha kadiri kinaweza kutosheleza vitamini A ya mtu mzima kwa siku. Kiazi cheupe kinashibisha, lakini karotini yake ni haba sana.

6. Kula papai, embe na boga vikiwa katika msimu. Wenzetu wa Kigoma wenye mawese mekundu wasiyadharau. Wekundu ule ndio karotini yenyewe.

7. Maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yamwagie mchicha nyuma ya nyumba. Matuta mawili tu yanaweza kuisaidia nyumba moja wakati wa kiangazi.

8. Mwulize mkeo, mama yako na watoto wako jambo moja: "Giza likiingia, unaona njia?" Usingoje wakuambie. Anayejikwaa jioni hana uvivu. Mpeleke zahanati kesho yake.

MWISHO WA KISA

Mama yule alipotibiwa, na mboga zikaanza kupikwa tena nyumbani kwake, hali yake ilibadilika katika wiki chache. Alijifungua salama. Alipokuja kumpima mtoto, mumewe alikuwa naye. Nilimwamkia kama kawaida. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilijitazama mikono. Nilisahau kumtazama mwenzangu macho."

Sikuwa na neno la kuongeza. Lakini nami nina kosa langu. Miezi saba mama yule alikuwa akija kliniki, nami nilimpima uzito na kumwuliza juu ya tumbo. Sikumwuliza hata mara moja kama anaona jioni. Tangu siku ile nauliza kila mama. Swali lenyewe halina gharama.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikusanyika kwenye redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kupanda bustani. Mimi sikuwapo, nimesimuliwa. Nadhani maana yake bado ni ile ile. Kusoma bila kutenda hakujazi ghala.

Ndugu msomaji, umeusoma ukurasa huu kwa macho yako mwenyewe. Macho hayo yametumia vitamini A. Leo jioni yalipe deni lake.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mtu mzima anaweza kukosa mboga miezi mingi bila kuona dalili?

2. Mama na baba wanakula chungu kimoja. Kwa nini mama ndiye aliyeacha kuona vizuri jioni?

3. Mtu amekula mboga zenye maikrogramu 7,200 za karotini. Kwa hesabu ya mafungu 12 kwa fungu 1, amepata maikrogramu ngapi za vitamini A? Je, zinafika 650?

4. Taja mboga tano za majani zinazoota kijijini kwenu. Ni zipi zinazodharauliwa, na ni nani anayezidharau?

5. Katika nyumba yako, nani anaamua mboga ipikwe au isipikwe? Zungumzeni jambo hili nyumbani kabla ya kipindi kijacho.